Ameulizwa, Amesema Hajambo

Tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yameacha ule ugomvi wao na ngazi za posta. Mimi huku ni mzima wa afya kabisa, sina neno, wasiwasi wangu ni wewe tu.

Kazi inaendelea. Nimebakiza wiki nane za majaribio, kisha Msimamizi ataamua nani apewe mkataba na nani aonyeshwe mlango. Tuko watano, nafasi ni tatu. Kwa hiyo sasa hivi ghalani kila mtu ni malaika. Hakuna anayechelewa, hakuna anayeumwa, hakuna anayekwenda chooni mara mbili. Rafiki yangu Kimya anasema amesahau hata kupiga chafya. Huyu aliyempa jina la Kimya alikuwa mchokozi, maana tangu tunapofungua mlango mpaka tunapoufunga mdomo wake haupumziki.

Jana nimewachekesha watu. Nilikuwa juu ya ile ngazi ya magurudumu, nashusha boksi la vigae kutoka rafu ya tatu. Breki yake iliharibika zamani, kwa hiyo sote huwa tunaweka kipande cha kigae chini ya gurudumu ili isitembee. Kumbe nilichoweka mimi kilikuwa na ufa. Kikasagika, ngazi ikaondoka, na mimi nikaenda zangu chini, kichwa kikagonga ukingo wa rafu upande wa kulia. Boksi zima likavunjika. Nikabaki nimekaa sakafuni naona taa mbili mahali penye taa moja. Msimamizi akaja mbio, akauliza, "Hujambo?" Nikamjibu, "Sijambo, shikamoo." Mtu niko chini, vumbi mpaka masikioni, naamkia! Watu walicheka mpaka wakashikilia rafu. Msimamizi akaandika kwenye daftari la ajali linaloning'inia mlangoni, nikanyanyuka, nikafagia vigae vyangu, tukaendelea na kazi.

Hicho kichwa unakijua mwenyewe, ndicho ulichokuwa ukisema kinahitaji mlango wake peke yake. Imebaki nundu tu.

Nisalimie mwalimu jirani. Mwambie simu yangu imepasuka kioo, akinipigia asishangae kutonipata.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 10 Machi

Mwanangu, Bwana Kichwa,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti hayajambo, na posta nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe kuichukua barua yako. Nimeanza kuisomea pale pale kwenye ngazi, nikafika kwenye hadithi yako ya kuchekesha, nikatafuta pa kukaa.

Wenzako walicheka. Mimi sikucheka. Unasahau nilikuwa wapi miaka ishirini na saba. Kweli sikuwa daktari wala muuguzi, nilikuwa mhudumu wa wodi ya majeruhi, wa kubeba beseni na kubadilisha mashuka. Lakini anayebadilisha mashuka ndiye anayejua nani kalala vibaya. Nimewaona walioletwa na damu inachuruzika, wakashonwa, wakarudi makwao wanatukana. Na nimewaona walioanguka, wakanyanyuka, wakafagia, kama wewe.

Sasa nisikilize, na usinifanyie ule mtindo wako wa kuitikia ndiyo shangazi huku unavaa viatu. Nenda hospitali. Sijasema duka la dawa, nimesema hospitali. Mwambie daktari ulianguka kutoka rafu ya tatu, uligonga upande wa kulia, uliona taa mbili. Usianze na sijambo. Halafu chukua karatasi uandike yote kabla hayajakutoka: saa ngapi, nani alikuwepo, ngazi ilikuwaje. Hivyo vipande vya kigae, kama havijatupwa, viweke. Nenda ukaangalie Msimamizi ameandika nini kwenye hilo daftari. Na ukiletewa karatasi yoyote ya kutia sahihi, usitie mpaka umeisoma, na ukishaisoma usitie vilevile mpaka umeniandikia. Kulikuwa na jingine, hasira zimenisahaulisha. Nalo ni hili: usilale kwenye chumba ambacho hakuna wa kukuamsha.

Kipande cha kigae chini ya gurudumu! Wanaume watano wazima, wenye akili zenu, mnapanda juu ya kitu kinachoshikiliwa na kigae!

Niandikie haraka. Nieleze unaonaje, unalalaje, unakula au unatapika. Usiniandikie kuhusu Kimya.

Shangazi yako.

*

Tarehe 17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, sina neno ila kichwa kinauma kidogo asubuhi, nikishakunywa chai na vidonge viwili kinatulia. Vidonge nimenunua duka la dawa, usigombe.

Nimefanya uliyosema, karibu yote. Daftari nimeliangalia. Ameandika hivi: "Ameanguka kutoka kwenye ngazi. Ameulizwa, amesema hajambo. Ameendelea na kazi." Hakuna uongo hapo, Shangazi, ndivyo ilivyokuwa. Kipande cha kigae Kimya alikiokota, amekificha chini ya benchi lake, sijui kwa nini, anasema roho yake ilimtuma.

Hospitali ndiyo bado. Kwenda hospitali ni kuomba ruhusa, na kuomba ruhusa ni kumkumbusha Msimamizi kwamba mimi ndiye niliyeweka kigae chenye ufa na kuvunja boksi zima. Zimebaki wiki sita. Niache nipate mkataba, siku ya pili yake naenda kupimwa kichwa, miguu na chochote utakachotaka. Na kuhusu kigae, wewe ni wa mwisho kusema. Kile kiti chako cha jikoni kimesimama kwa kipande cha boksi tangu niko darasa la tatu.

Juzi nimevunja kikombe. Mkono wa kushoto umekuwa mvivu, unashika kitu halafu unasahau kwamba umeshika. Nadhani ni mabegani, mizigo imekuwa mingi.

Sijui kama nimekuambia, ghalani kila mtu ni malaika siku hizi. Hakuna anayechelewa. Nina rafiki mmoja anaitwa Kimya, aliyempa jina hilo alikuwa mchokozi, maana mdomo wake haupumziki. Anasema amesahau hata kupiga chafya. Tuko watano na nafasi ni

Nisalimie mwalimu jirani. Umwambie simu yangu imepasuka kioo. Nisalimie mwalimu.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 23 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikampelekea mwalimu jirani aisome bila kumwambia kitu. Alipofika chini akanitazama. Habari za Kimya umeniletea mara mbili, kwa maneno yaleyale, na mara ya pili umenijulisha Kimya ni nani, kana kwamba simjui. Sentensi ya nafasi tatu umeiacha hewani. Mwalimu jirani umemsalimia mara mbili. Mistari yako inashuka kuelekea kona ya kushoto, na mimi ndiye niliyekupiga rula kwa ajili ya mwandiko, wewe huandiki hivyo.

Maumivu ya asubuhi, mkono wa kushoto uliolegea wakati uligonga kulia, na kusahau. Kitanda namba kumi na moja alikuwa hivyohivyo. Alikuwa fundi wa mabati, alianguka, akakaa wiki tatu anakunywa vidonge. Alipoletwa alikuwa bado anatutania. Mchana aliomba maji, nikaenda kuyachukua, na niliporudi na kikombe hakuwa na haja nayo tena. Sijawahi kukusimulia kwa sababu nilikuwa sipendi kumkumbuka. Nakusimulia leo kwa sababu naogopa, mwanangu.

Usisubiri wiki sita. Usisubiri kesho. Ukimaliza kuisoma barua hii, kama uko ghalani, mpe Kimya naye aisome. Kimya, nakuomba kama mama yako: mshike mkono umpeleke hospitali sasa hivi, hata akikuambia hajambo. Hasa akikuambia hajambo.

Hiyo karatasi ndogo iliyomo ndani mpe daktari. Nimeandika yote humo, lini alianguka, wapi aligonga, mkono upi. Usimweleze wewe, utamchekesha.

Kama mkataba watakunyima kwa sababu hiyo, utarudi kulala kwenye kitanda chako kile cha zamani, nitakupikia na kukugombeza kila siku. Nenda.

Shangazi yako.

*

Tarehe 3 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza tu, sina hakika nauliza nani.

Siku kumi na moja zimepita. Barua huchukua siku sita, kwa hiyo yangu umeipata tarehe ishirini na tisa, ikichelewa sana thelathini. Kila siku saa nne niko posta. Yule wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika, ili kuniokolea hatua.

Mwalimu jirani amepiga simu yako asubuhi na jioni, haipatikani. Najua kioo kimepasuka, nimemwambia apige hivyohivyo. Ghalani kwenu hatuna namba. Nimejilaumu kwa hilo, miaka yote hii nimehifadhi anwani yako tu.

Chumba chako nimekifagia. Sikukifagia kwa maana yoyote, kilikuwa na vumbi.

Niandikie hata neno moja. Mpe Kimya aandike.

Shangazi yako.

*

Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Bado hakuna kitu. Nimemwomba wa dirishani atafute tena chini ya meza, akatafuta, mtu mwema yule.

Kama umenikasirikia kwa sababu ya kelele zangu, kasirika, lakini uniandikie kwamba umekasirika.

Shangazi.

*

Tarehe 12 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo. Niko hai.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Nimekaa kitandani hospitali, dirisha liko kushoto, na nimeliona mwenyewe bila kuelekezwa, jambo ambalo hapa wanalihesabu kuwa hatua kubwa. Kichwa kimenyolewa nusu. Wametoboa mfupa mahali pawili wakatoa damu iliyokuwa imejikusanya ndani tangu siku ile. Daktari alisema ilikuwa inaongezeka polepole na kuubana ubongo. Aliniambia pia ningekawia kiasi gani nisingeamka, lakini hilo sitaliandika.

Barua yako ilifika tarehe thelathini. Niliisomea ghalani wakati wa chai. Ile sehemu uliyosema nimeandika habari za Kimya mara mbili, nikaona unanisingizia. Nikampa Kimya aisome tucheke wote. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanishika mkono bila kusema neno. Huyo ni Kimya! Hapo ndipo nilipoogopa. Tulipita mbele ya Msimamizi hatukuomba ruhusa. Karatasi yako ndogo daktari aliisoma amesimama, akauliza, "Nani kaandika hii?" Nikamjibu ni shangazi yangu. Baada ya hapo sikumbuki, ila nakumbuka kwamba nilikuwa nakutaka wewe, kama mtoto.

Sasa kuna jambo jingine, na linaninyima usingizi kuliko kidonda. Daktari anataka anipime kila mwezi kwa mwaka mzima, na kuna dawa ya kuzuia kifafa ambayo nisiiruke hata siku moja. Ikiwa niliumia kazini, kampuni inanitibu mpaka nipone. Ikiwa sikuumia kazini, natibiwa na Mungu peke yake. Bibi mmoja wa ofisini amekuja na karatasi. Imeandikwa kwamba maradhi yangu yalianza nyumbani na hayahusiani na kazi. Nikitia sahihi, wananirudisha kazini, kazi nyepesi ya kuhesabu maboksi, na mkataba napewa. Alikuwa mpole sana, alileta na machungwa. Nikamwambia nilianguka, akafungua nakala ya daftari akanisomea: ameulizwa, amesema hajambo, ameendelea na kazi. Akasema wiki nne mtu anafanya kazi na hakulalamika hata siku moja, tutajuaje hakuanguka bafuni kwake?

Sikutia sahihi. Nilimwambia lazima nimwandikie shangazi kwanza. Alicheka, lakini karatasi aliiacha, iko hapa chini ya mto. Kusema kweli, jana niliishika kalamu. Nimechoka, Shangazi, na ninautaka huo mkataba.

Mkaguzi wa usalama kazini atakuja tarehe nne Mei kusikiliza. Wale wengine watatu wanasema hawakuona kitu, walikuwa upande wa pili. Siwalaumu, nao wana majaribio yao. Kimya hajasema atasema nini.

Unayo ile barua yangu ya tarehe tatu Machi? Nakumbuka niliieleza ile ajali. Kama hukuitupa, itume.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 21 Aprili

Mwanangu, Bwana Kichwa Nusu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Wa dirishani aliikimbiza barua yako mpaka nyumbani kwangu baada ya kazi. Nililia mbele yake bila aibu yoyote, naye akajifanya anasoma kalenda.

Mimi mzima. Samahani kwa penseli, ndiyo iliyokuwa karibu. Mwalimu jirani atanipelekea hii posta, ana safari yake ya huko.

Kuitupa? Barua zako zote ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nimelishusha jana. Ya tarehe tatu Machi nimeipata, na nimeisoma tena, nikaona tatizo ambalo na wao wataliona. Imeanza hivi: "Mimi huku ni mzima wa afya kabisa, sina neno." Umeyaandika hayo siku moja baada ya kuanguka, kwa mkono wako. Bibi wa machungwa atafurahi sana. Kwa hiyo usiitoe peke yake. Itoe pamoja na karatasi hii nyingine niliyomwandikia Mkaguzi, na umwombe aisome kwa sauti:

"Bwana Mkaguzi, mimi ni shangazi na mlezi wa kijana huyu. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mhudumu katika wodi ya majeruhi. Kila asubuhi niliwasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda, hujambo, na kila asubuhi walinijibu hawajambo. Aliyekatwa mguu alinijibu hajambo. Mama mmoja aliyeungua alinijibu hajambo, akaniuliza na hali ya watoto wangu, na saa nne tulimfunika shuka. Hakuna aliyekuwa anasema uongo. Walikuwa wananijibu salamu, kama tulivyofunzwa sote. Daktari wetu alilijua hilo. Alikuwa akisalimia, akijibiwa, anavuta kiti, anakaa, kisha anauliza upya: wapi panauma? Ndipo alipokuwa anaandika. Naomba umuulize Msimamizi kama alivuta kiti. Barua ya kijana huyu nayo inaanza kwa kusema ni mzima. Ninazo barua zake mia moja na nne na zote zinaanza hivyo, ikiwemo aliyoiandika akiwa na homa ya siku tisa. Tafadhali ushuke mistari michache usome alivyoanguka."

Na ile karatasi iliyo chini ya mto itoe huko, itakupa ndoto mbaya. Mkataba unautaka, najua. Lakini kichwa kikipata kifafa juu ya ngazi, mkataba utamshika nani mkono? Usitie sahihi.

Nimechoka kidogo, nalala.

Shangazi yako.

*

Tarehe 5 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Yamekwisha, na nikuambie kwanza yamekwishaje: imeandikwa. Niliumia kazini. Nitatibiwa mwaka mzima.

Sasa nikusimulie. Tulikaa ofisini, mimi na kofia yangu ya sufu, Msimamizi, bibi wa machungwa, Kimya, na Mkaguzi, mtu mfupi mwenye miwani na mafua. Mkaguzi akaingia, akanipa mkono, akauliza, "Habari za kichwa?" Nami, mbele ya watu wote, nikajibu, "Nzuri sana." Shangazi, ningeweza kujizaba kofi. Bibi wa machungwa akaandika.

Msimamizi akasema yake. Hakusema uongo. Alisema, "Nilimuuliza, akanijibu, tena akaniamkia." Nikaona mambo yameharibika. Wale wengine watatu walishasema hawakuona. Nikatoa barua yangu na karatasi yako. Mkaguzi akasoma yako kwa sauti, na mafua yake yale. Alipofika kwenye yule mama aliyeungua akafuta miwani. Akaendelea. Kisha akamgeukia Msimamizi, akamuuliza kwa upole kabisa, "Ulivuta kiti?" Msimamizi akatazama meza. Akasema, "Kulikuwa na gari linasubiri mzigo."

Ndipo Kimya alipofungua mkoba wake. Tangu asubuhi hakuwa ametoa neno, jina lilikuwa limempata. Akaweka mezani kile kipande cha kigae, kimesagika upande mmoja, na alama nyeusi ya mpira wa gurudumu juu yake. Akasema, "Tunaweka hivi kwa sababu breki imekufa tangu mwaka juzi. Niliisema mara tatu. Ningekuwa mimi zamu ile, ningeanguka mimi." Mkaguzi akasimama, tukashuka wote ghalani, akaisukuma ngazi kwa kidole kimoja. Ikaenda mpaka ukutani.

Mkataba sikupata, Shangazi. Kimya naye hakupata. Anasema yeye na mimi tutatafuta ghala lenye vitu laini, magodoro kwa mfano. Jana tuliporudi nyumbani aliongea njia nzima, nami nikamwacha aongee. Nasikitika, lakini naamka asubuhi kichwa hakiumi, na mkono wa kushoto jana umenimiminia chai.

Sasa ni zamu yangu. Barua yako ya mwisho imeandikwa kwa penseli, na wewe huwa unasema penseli ni ya fundi seremala. Anwani kwenye bahasha ni mwandiko wa mwalimu jirani. Posta hukwenda mwenyewe, wewe ambaye mvua haijawahi kukuzuia. Wa dirishani alikuletea barua nyumbani. Magoti hukuyataja hata kwa kuyasema vibaya. Uliandika umechoka, na sijawahi kukusikia ukisema neno hilo maisha yangu yote. Kule hospitali nilikuwa na siku nyingi za kusoma, na hiyo barua nimeisoma kama ulivyozisoma zangu.

Juu kabisa umeandika "Mimi mzima." Sikusalimii sasa, Shangazi. Nimevuta kiti, nimekaa. Wapi panauma?

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Umeniuliza, nakujibu. Nyonga ya kulia.

Kesho yake baada ya kuipata barua yako sikungoja kupambazuke vizuri. Nilitaka kulishusha kopo niione ya tarehe tatu Machi kwa macho yangu. Nikapanda kile kiti cha jikoni. Boksi lililokuwa chini ya mguu wake lilikuwa limelowa, nikalikunja upya nikaliweka, nikajiambia ni dakika moja tu. Kopo nililishika. Nilianguka nalo, na barua zako zote zikanimwagikia. Nilikaa hapo sakafuni muda mrefu, na kwa kuwa nilikuwa hapo nikaitafuta hiyo barua nikaipata.

Mwalimu alisikia kishindo. Akaja mlangoni akauliza, "Shangazi, hujambo?" Nikamjibu sijambo mwanangu, ni kopo limeanguka. Alipoondoka nikajivuta mpaka kitandani, na kesho yake nikakuandikia karatasi ya Mkaguzi nimelala ubavu. Unajua nilichokuwa naandika. Cheka sasa, nimekupa ruhusa.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Mguu wa kulia hausimami wala haunyooki. Naegemea fimbo ya ufagio kwenda jikoni, na tangu wiki iliyopita hata jikoni siendi. Mwalimu nilimwambia ni magoti yaleyale. Nilikuwa nangoja wewe umalizane na Mkaguzi, nisikuongezee. Kila siku nilijiambia kesho, na najua ulikotoka mtindo huo, umeurithi kwangu. Naogopa hospitali, mwanangu. Nimebadilisha mashuka yake miaka mingi mno.

Lakini nimemwita mwalimu leo asubuhi, nikamwambia akae. Nimemwambia yote. Amenigombeza kama mtoto wa darasani kwake, kisha ameenda kutafuta gari, nami naandika hii nikimsubiri. Kiti cha jikoni nimemwambia akichukue akakichanje kuni. Nimeandika karatasi ndogo ya kumpa daktari, siku niliyoanguka, upande gani, na siku nilizokaa, na hizo siku sikuzipunguza.

Gari limefika, nalisikia. Wakiniteremsha pale mlangoni kuna mlinzi ninayemjua tangu zamani, ataniambia shikamoo mama, hujambo, na sijui nitaweza vipi kutomjibu.

Kichwa kikiruhusu safari, njoo.

Shangazi yako.